Kwa nini soseji za Nürnberg ni ndogo kiasi hiki? Nimepewa sababu tatu kwa siku moja na hazipatani

#1 Msafiri wa Reli

Wakuu, salamu kwenu. Juzi nilipanda treni ya asubuhi kutoka München, mwendo wa takriban saa moja, nikashinda Nürnberg hadi taa za barabarani zilipowashwa. Nilipanda hadi Ngome ya Kaisari, nikateremka kwa vichochoro vya mawe hadi kanisa la Mtakatifu Sebald, na harufu ya moshi wa kuni ndiyo iliyonielekeza mahali pa kula. Soseji za pale zinaagizwa kwa hesabu: sita, nane, kumi au kumi na mbili. Niliagiza sita, zikaletwa kwenye sahani ya bati, kila moja ina urefu wa kidole cha kati, zimebabuka kwa mistari ya wavu, na pembeni pana kabichi iliyochachushwa na mzizi mweupe uliokunwa ambao ukiumeza bila kujiandaa unapanda moja kwa moja puani.

Nikamuuliza mhudumu kwa nini ni ndogo. Akasema zamani zilikuwa zinapitishwa kwenye tundu la ufunguo baada ya baa kufungwa. Mwongoza watalii kule ngomeni alikuwa ameniambia kwamba tundu ni lilelile, lakini lilikuwa la mlango wa jela. Muuza nyama wa sokoni alizicheka habari zote mbili, akasema ni sheria za nyama za Baraza la Jiji. Mwenye ushahidi auweke hapa. Mwenye hadithi naye aiweke, ila aseme wazi kuwa ni hadithi.

#2 Binti wa Shela

Karibu Franken, kaka, eneo la kaskazini mwa Bayern ulimo mji wa Nürnberg. Mimi ni muuguzi hapa Fürth, mji wa jirani kabisa, na hadithi ya tundu la ufunguo nimeisikia wodini mara nyingi kuliko ninavyosikia utabiri wa hali ya hewa. Toleo la wenzangu ni hili: saa ya kufunga ilikuwa ya lazima, wasafiri walichelewa kufika, na mwenye baa aliogopa faini kwa sababu mlango haukuruhusiwa kufunguliwa, kwa hiyo chakula kilipita tunduni na pesa zikarudi kwa njia ileile. Mzee mmoja amewahi kunisimulia la baa, na wiki iliyofuata akanisimulia la jela, yote mawili kwa uhakika uleule.

Nikuongezee jambo. Sahani ya bati ni ya mtu mwenye nafasi ya kuketi. Watu wa kazi hula tatu ndani ya mkate mdogo wa duara, wakiwa wamesimama, kwa haradali. Tena ziko ambazo haziguswi na moto wa wavu kabisa, zinapikwa polepole kwenye maji ya siki na vitunguu na kuletwa zikiwa zimepauka. Sura yake haivutii, lakini jioni ya baridi zinazishinda za kuchoma.

#3 Fundi Mizani

Habari ya tundu la ufunguo naikataa katika matoleo yake yote. Mwenye baa anayeogopa kuvunja sheria kwa kufungua mlango ana dirisha, ana ua wa nyuma, na ana mtoto wa kutuma. Pili, soseji iliyotoka motoni ina mafuta. Ukiisukuma ndani ya kitasa cha chuma, kesho ufunguo hautazunguka. Tatu, hata tukikubali yote hayo, tundu linadai wembamba tu na halidai ufupi, kwa sababu soseji nyembamba ya urefu wa mkono ingepita vilevile. Aliyetunga alikuwa ameshaiona soseji ndogo, kisha akaitafutia tundu la kuitosha.

#4 Karani Mstaafu

Naomba tupange mambo kwa mpangilio. Nürnberg ulikuwa mji huru wa dola, ukimtambua Kaisari peke yake, na uliendeshwa na Baraza lililoshikwa na familia chache za matajiri. Baada ya uasi wa mafundi wa 1348 na 1349, Baraza lilipiga marufuku vyama huru vya mafundi, likawa linasimamia ufundi lenyewe: nani aoke, nani achinje, auze nini na kwa kipimo gani. Agizo la 1313 kuhusu nyama ya kutia kwenye soseji ndilo linalotajwa na wenyeji kama kumbukumbu yao ya zamani zaidi katika jambo hili.

Sasa chukua mchinjaji anayebanwa juu ya ubora wa nyama. Hawezi kuongeza mabaki, hawezi kuongeza unga, na nyama ikipanda bei mnunuzi wake hana senti ya ziada. Kilichobaki mikononi mwake ni ukubwa. Akipunguza soseji, anabaki na bei ileile bila kuivunja sheria ya nyama. Kwa maoni yangu muuza nyama wa mleta mada yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wale wawili.

Kuhusu jela, watu huchanganya mambo mawili. Chini ya Ukumbi wa zamani wa Jiji kuna seli kumi na mbili ndogo na chumba cha mateso, na hadi leo watalii hupelekwa kuziona. Habari ya soseji gerezani, hata hivyo, ni ya Hans Stromer, mtu wa ukoo mkubwa aliyefungwa mnarani katika karne ya 16. Inasimuliwa kwamba aliomba apewe soseji mbili kila siku, akakubaliwa, akakaa miaka 38 na kula karibu soseji 28,000 kabla ya kufa mwaka 1592. Huyo alipewa kwa idhini, hakuhitaji tundu la mtu yeyote.

#5 Fundi Mizani

Mzee Karani, nimeipiga hesabu yako. Mbili kwa siku, mara 365, mara 38 ni 27,740, na ukiongeza siku za miaka mirefu unakaribia 27,760. Aliyeifikisha 28,000 amezungusha kidogo, ila kwa hadithi ya soseji nimemsamehe. Kinachonitatiza ni kwamba mfungwa mwenye ukoo, mwenye nafasi ya kuomba apendacho, aliridhika na mbili kwa siku. Kama zingekuwa na urefu wa kidole, hiyo si shibe ya mtu mzima. Je, si dalili kwamba enzi zake bado zilikuwa kubwa?

#6 Mtani wa Jadi

Hoja ya bandiko la tano ni nzito, lakini Fundi amesahau kwamba mfungwa alikuwa pia na mkate wa serikali. Mimi namsikitikia zaidi mleta mada, mtu mzima wa kutoka Kanda ya Ziwa, kuagiza sita na kutuandikia kana kwamba amekula. Sita ni za kuonja. Uliondoka na njaa, ndugu yetu, ndiyo maana umefungua uzi.

#7 Mpishi wa Zamu

Nimefanya kazi katika jiko la hoteli hapa Bayern, na ninaona mnaizunguka soseji bila kuishika. Ngozi yake ni utumbo wa kondoo. Utumbo wa kondoo ni mwembamba na mwepesi kupasuka, tofauti na wa nguruwe unaotumika kwa soseji nene. Ukiulowesha kwenye maji ya uvuguvugu unakuwa karibu uwazi, unauvisha kwenye mdomo wa mashine kama soksi, na mkono wa kushoto unasikia pale nyama inapotaka kuvimba kupita kiasi. Ukizembea kidogo, unapasuka. Nyama ni ya nguruwe iliyosagwa kwa ukubwa wa wastani, na kiungo kinachoitambulisha ni majani ya majoramu, ambayo harufu yake hupotea ukiichoma kwa muda mrefu.

Hapo ndipo moto unapoingia. Wanachoma kwa kuni za mti uitwao Buche, moto wa wazi na mkali. Soseji nene juu ya moto huo huungua nje na kubaki mbichi ndani. Nyembamba huiva kwa dakika chache, ngozi ikakauka na kulia jinoni, na majoramu bado inasikika. Kwangu mimi kichwa cha habari ni ngozi na moto, na hayo ya Baraza yamekuja kuhalalisha jambo ambalo jiko lilikuwa limeshalijua.

#8 Binti wa Shela

Kaka Mpishi, umeeleza vizuri, lakini zile za siki nilizozitaja bandiko la pili hazioni moto wa kuni hata kidogo, na bado ni ndogo vilevile.

#9 Mpishi wa Zamu

Dada, hizo ni soseji zilezile za kuchoma zilizobadilishiwa sufuria. Hakuna anayetengeneza saizi mbili kwa wateja walewale.

#10 Fundi Mizani

Mpishi ameeleza wembamba, tena kwa ufasaha, lakini ufupi bado yuko nao deni. Utumbo wa kondoo una urefu wa mita nyingi, na pa kuusokota anachagua mwenye mkono. Mfano uko huko huko Franken: nendeni Coburg. Soseji ya Coburg ina urefu wa takriban sentimita 31 na inachomwa kwa matunda makavu ya msonobari. Juu ya jengo la Ukumbi wa Jiji amesimama Mtakatifu Mauritius akiwa na fimbo mkononi, na wenyeji wanasema fimbo hiyo ndiyo kipimo cha soseji yao. Moto wa wazi upo, tena wa matunda ya msonobari wenye moshi mkali, na soseji ni ndefu. Kama bei ya nyama na moto ndivyo vilivyoipunguza ya Nürnberg, mbona vyote viwili havikuigusa ya Coburg?

#11 Karani Mstaafu

Kwa sababu Coburg haikuwa chini ya Baraza la Nürnberg. Ilikuwa chini ya watawala wake wenyewe, na ilijiunga na Bayern mwaka 1920 tu, kwa kura ya wananchi. Sheria za nyama za mji mmoja hazikuvuka hadi mji mwingine, na wakati ule kila mji ulikuwa na vipimo vyake vya uzito, urefu na pishi. Mfano wako, Fundi, unaitia nguvu hoja yangu: panapotofautiana utawala, soseji nazo zinatofautiana.

#12 Fundi Mizani

Au unatia nguvu hoja kwamba kila mji ulitaka soseji yake itambulike kwa mbali. Leo mambo ndivyo yalivyo. Tangu 2003 jina la soseji ya Nürnberg linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: lazima itengenezwe ndani ya mipaka ya jiji, iwe na sentimita saba hadi tisa na uzito wa gramu 20 hadi 25. Kwa hiyo sababu ya udogo wa ile uliyokula juzi, mleta mada, ni kwamba ingekuwa kubwa zaidi isingeruhusiwa kuitwa hivyo. Biashara kwanza, historia inafuata na sinia.

#13 Ummu Salma

Asalaam alaykum. Tunasoma uzi huu kutoka Maskati, na tunapanga kupita huko na watoto wakati wa likizo ya Julai. Kwa kuwa soseji yenyewe ni ya nguruwe kwa sheria, kama alivyoeleza Mpishi, naomba kujua sisi tutakula nini cha pale pale, si pitsa.

#14 Binti wa Shela

Waalaykum salaam, dada. Chakula cha Franken ambacho kinakaribia moyo wa mtu wa pwani ni samaki aina ya kapu. Anafugwa kwenye mabwawa, hasa bonde la Aischgrund kaskazini-magharibi mwa jiji, anapasuliwa katikati toka kichwa hadi mkia, anapakwa unga na kukaangwa hadi mapezi yanatafunika. Ulizeni kwanza mafuta ya kukaangia, kwa sababu jiko moja hutumia siagi iliyochujwa na jingine hutumia mafuta ya nguruwe. Wahudumu hujibu bila kukasirika. Nyama ya halali ipo kwa wingi mtaa wa Gostenhof, kwa Waturuki. Na watoto wapeni mikate ya viungo, ile ya duara, ambayo ndiyo sifa ya pili ya mji huu.

#15 Mkarafuu

Nimefurahi kusikia mikate ya viungo, maana hapo ndipo sisi wa Pemba tunapoingia kwenye historia. Ndani yake mna karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi, giligilani na kungumanga. Nilipoletewa kopo na binamu yangu, lilipofunguliwa tu sebule nzima ilinuka mavuno. Wajerumani wa zamani walikuwa wanakula karafuu yetu na sijui kama wanajua.

#16 Karani Mstaafu

Karafuu wanayokula leo yaweza kuwa ya Pemba. Ya zamani haikuwa hivyo. Waokaji wa mikate hiyo wanatajwa Nürnberg tangu 1395, na wakati huo karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikavuka Bahari ya Hindi, ikafika Venisi, kisha wafanyabiashara wa Nürnberg wakaivusha milima ya Alpi. Mkarafuu ulistawishwa Unguja na Pemba katika karne ya 19, zama za Sayyid Said. Asali nayo haikutoka mbali: msitu wa dola unaouzunguka mji ulikuwa maarufu kwa nyuki. Viungo vya njia kuu na asali ya mlangoni, ndiyo maana mkate ukakulia pale.

Ukitaka kuiona Zanzibar huko Nürnberg, Mkarafuu, nenda Makumbusho ya Taifa ya Kijerumani. Ipo tufe ya dunia ya Martin Behaim, iliyotengenezwa kati ya 1490 na 1494, tufe kongwe kuliko zote zilizobaki. Amerika haimo, lakini kisiwa chenye jina la Zanzibar kimo, kikubwa kupita kiasi, kimewekwa baharini kwa kufuata habari za Marco Polo. UNESCO iliiweka tufe hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2023.

#17 Mkarafuu

Basi kisiwa kilitangulia, karafuu ikafuata. Bado nahesabu tumo.

#18 Mpishi wa Zamu

Mnaonunua mikate hiyo, tazameni daraja. Ile ya juu inaitwa Elisenlebkuchen: kwa sheria lazima angalau robo ya mchanganyiko iwe lozi, jozi au hazelinati, na unga usizidi asilimia kumi. Inaokwa juu ya karatasi nyembamba ya kulika. Inayoning'inizwa shingoni ikiwa na umbo la moyo na maandishi ya sukari ni pambo la maonyesho.

#19 Msafiri wa Reli

Shukrani kwenu nyote. Ninazo Elisenlebkuchen mbili bado kabatini, na Mtani asiniulize za kuonja. Sasa nina swali linalohusiana. Saa sita kamili mchana nilisimama Hauptmarkt, uwanja mkuu wa soko, mbele ya kanisa la Frauenkirche, ambapo saa ya sanamu huwatoa wakuu saba wapiga kura, yaani waliokuwa wakimchagua Kaisari, wamzunguke Kaisari Karl wa Nne mara tatu. Umati wote ulikuwa umeinua simu. Nikaizungusha na ile pete ya Kisima Kizuri, chemchemi yenye mnara iliyo uwanjani hapo, kama watalii wengine. Kisha nikasoma kibao kwamba mji ulipigwa mabomu. Je, nilichokiona ni cha kale au kimejengwa upya?

#20 Karani Mstaafu

Vyote viwili, na mchanganyiko wake ndio mji wenyewe. Tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliangusha mabomu, na takriban asilimia 90 ya mji wa kale iliharibika. Walijenga tena wakifuata mistari ya mitaa ya zamani na mapaa ya mteremko, wakiokoa kuta za makanisa na za ngome. Kisima ulichozungusha pete yake ni nakala ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Vipande vya asili viko makumbusho. Ukitaka mtaa uliosalia na nyumba zake za mbao na udongo, tembea Weißgerbergasse. Nyumba ya mchoraji Albrecht Dürer, aliyeishi humo tangu 1509 hadi kifo chake 1528, iliumia lakini ilisimama.

Na kuhusu Hauptmarkt, liko jambo ambalo vibao huliweka kwa maandishi madogo. Uwanja huo ulikuwa mtaa wa Wayahudi. Desemba 1349, kwa ruhusa ya Karl huyohuyo anayezungukwa na sanamu, mtaa ulibomolewa na watu 562 waliuawa. Kanisa lilijengwa mahali pa sinagogi. Mji huohuo ndio uliotangaziwa sheria za ubaguzi wa rangi za 1935, na ndio uliochaguliwa kwa kesi ya viongozi wa Kinazi, iliyoanza tarehe 20 Novemba 1945 katika chumba namba 600 cha mahakama. Chumba kinatembelewa. Mimi ningekiweka kabla ya chakula.

#21 Binti wa Shela

Nakubaliana na mzee. Na mahandaki yaliyookoa watu usiku ule wa mabomu ni ya bia. Chini ya mji wa kale kuna maghala yaliyochongwa kwenye jiwe la mchanga, ghorofa kadhaa kwenda chini, na agizo la Baraza la 1380 lilimtaka kila mtu anayetengeneza na kuuza bia awe na ghala lake. Wakati wa vita watu walijificha humo. Safari ya kuyaona huanzia kwenye sanamu ya Dürer. Chukueni sweta hata wakati wa kiangazi.

#22 Mwana wa Danube

Nimeingia nikiwa nimechelewa, lakini siwezi kunyamaza. Nakaa Regensburg, na jiko kongwe la soseji liko kwetu, kando ya Daraja la Mawe lililojengwa kati ya 1135 na 1146. Wajenzi wa daraja walikula hapo. Tena soseji zetu ni ndogo vilevile, zinaletwa sita na kabichi. Basi udogo huu si siri ya Nürnberg peke yake.

#23 Fundi Mizani

Mwana wa Danube, kibanda chenu kilikuwa ofisi ya ujenzi, na walichouziwa wajenzi ni nyama ya kuchemsha. Soseji za mkaa zilikuja na ukoo unaoliendesha jiko tangu 1806. Wa Nürnberg nao wanadai 1419 kwa jiko lao. Kila upande unahesabu umri wa kuta na kuupa soseji.

#24 Mtani wa Jadi

Wa Thüringen, jimbo la jirani, wakisikia mnagawana ukongwe bila wao, uzi huu utafika kurasa mia. Wao wana karatasi ya mji wa Arnstadt ya 1404, inayotaja malipo ya groschen moja, sarafu ya zamani, kwa ngozi za soseji.

#25 Karani Mstaafu

Karatasi ya Arnstadt inahusu utumbo, na agizo la 1313 linahusu nyama. Hakuna hata moja katika hizo iliyoletwa hapa inayoonyesha urefu. Nitaendelea kusimama na Baraza hadi mtu aniletee kipimo.

#26 Mpishi wa Zamu

Na mimi nitaendelea kusimama jikoni.

#27 Ummu Salma

Dada Binti wa Shela, nimemwambia mume wangu habari za kapu, ameshakubali. Tukija Julai tutampata?

#28 Binti wa Shela

Hapana, dada. Msimu wake unaanza Septemba hadi Aprili, na mikahawa mingi humwondoa kabisa kwenye orodha nje ya miezi hiyo. Kwa Julai ulizeni samaki trauti. Na msifike Jumapili kwa ajili ya kununua mikate ya viungo, kwa sababu maduka mengi yatakuwa yamefungwa.